Msuka Kamba na Kitanda cha Mvule

Nipeni masikio!
— Chukua yote mawili!
Nikiyachukua?
— Turudishie yamejaa!
Na atakayesinzia?
— Shauri yake!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna muhogo wa kuchoma, tafuna kwa adabu, hadithi haitaki kelele za meno.

Hapo kale, kale ya zamani, wakati bata na paka bado wanazungumza na watu, palikuwa na mji mmoja. Jina lake nimelisahau. Hata nikilikumbuka sitawaambia, maana wajukuu zao wako hai na hasira zao ziko karibu.

Katika mji huo aliishi kijana mmoja, jina lake Mkadara. Kazi yake ilikuwa kusuka kamba na kuwamba vitanda. Baba yake aliwamba vitanda, babu yake aliwamba vitanda, na babu wa babu yake, nasikia, alizaliwa ameshika kamba. Hiyo ya mwisho msiishike sana.

Mkadara akampenda Somoe. Somoe alikuwa binti wa Fundi Shungwaya, seremala aliyesifiwa mji mzima. Na Somoe naye akampenda Mkadara, tena hakuficha. Akaposwa, akaolewa, ngoma zikalia siku tatu.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule, maana hadithi yote imekaa juu yake. Binti akiolewa, baba yake anamtengenezea kitanda. Kukitunza ni kazi ya mume, si ya mke. Mwaka ukitimia, shangazi wa binti anakuja na kitambaa cha hariri. Anakipitisha juu ya kitanda mara tatu, toka mchagoni hadi miguuni. Hariri ikiteleza, ndoa imekubaliwa, watu wanakula. Hariri ikinasa, shangazi anamchukua binti na kitanda chake, anawarudisha nyumbani kwao. Walikuwa wakisema, mtu aliyeshindwa na kitanda kisichodai chakula, ataweza binti wa watu?

Na mke naye alikuwa na sharti lake. Haruhusiwi kusema neno lolote juu ya kitanda mpaka mumewe amuulize. Akiulizwa, aseme yote anayoyajua. Asipoulizwa, mdomo fyu.

Basi Fundi Shungwaya akaleta kitanda cha mvule, mbao nzima nzima, nene, hakuna kipande cha kubandika. Hakukipaka rangi. Alikipaka mafuta tu, akakisugua mpaka mistari ya mti ikaonekana kama maji yanayotembea. Akakiweka chumbani kwa bwana harusi, akasema:

"Mwanangu, mti huu nimeupaka mafuta, haukufunikwa na kitu. Unapumua. Kuutunza kuna mambo matatu. La kwanza..."

"Baba," Mkadara akamkatiza, "usijichoshe. Mimi ni mtu wa vitanda. Baba yangu mtu wa vitanda. Babu yangu mtu wa vitanda."

Fundi akamtazama. Akatazama kitanda. Akachukua kofia yake akaenda zake.

Hamuoni? Mzee wa watu alikuwa na mambo matatu mdomoni, akarudi nayo nyumbani!

Miezi ikapita, minne hivi. Siku moja asubuhi Mkadara akaona kitanda kimefifia. Pale watu wanapokalia pamekuwa pakavu, rangi imepauka. Na kwenye kona akaona kidoa cheusi.

"Kunguni!" akasema.

Hakikuwa kunguni, kilikuwa kikonyo cha karafuu kilichodondoka kutoka kwenye nguo. Lakini kwa mtu wa vitanda vya kamba, kila kidoa ni kunguni.

Somoe alikuwa mlangoni, anapepeta mchele. Akakohoa, "Ehe-ehem!" Yaani, niulize, mume wangu, niulize.

"Pole, mke wangu," Mkadara akasema. "Nikuchemshie tangawizi?"

Akamchemshia tangawizi. Mume mwema, jamani, tatizo lake ni kuuliza tu. Moyoni alikuwa akisema, "Nikimuuliza, atajua sijui. Binti wa fundi akijua sijui, atanionaje?" Akaona bora aende kwa Bata. Bata hatamwambia mtu.

"Bata, ami yangu, kitanda changu kimepauka. Nifanyeje?"

"Maji!" Bata akasema. "Mimi nikipauka naingia majini. Maji, maji, maji!"

Na Mkadara akaona ni kweli. Vitanda vya kamba si ndivyo anavyovitengeneza? Vikilegea anavimwagia maji, vikiingia kunguni anavimwagia maji ya moto. Akateka ndoo tatu, akazichemsha, akazimwaga juu ya kitanda cha mvule. Ya kwanza, chwaa! Ya pili, chwaa! Ya tatu, chwaa!

Kitanda kikalia. Kikaimba. Na nyinyi mnaitikia "mimi mti":

"Kwaa, kwaa, Mkadara wee, mimi si kamba —"
— Mimi mti!
"Kwaa, kwaa, Mkadara wee, unaniumiza —"
— Mimi mti!

"Kitanda hiki kinadeka," Mkadara akasema, akaenda zake kazini.

Alaa! Aliporudi, nyuzi za mti zimesimama kama nywele za mtu aliyeogopa. Madoa meupe yametapakaa. Akipitisha mkono, mkono unakwaruza. Hofu ikamshika. Miezi minane imebaki, akajiambia, bado kuna nafasi.

Somoe akakohoa, "Ehe-ehem!"

"Pole, mke wangu. Nikuchemshie tangawizi?"

Akamchemshia. Kisha akaenda kwa Paka, aliyekuwa amelala juu ya kizingiti, tumbo juu.

"Bi Paka, nimekimwagia kitanda maji, kimekuwa na magamba. Nifanyeje?"

Paka akafumbua jicho moja. "Jua," akasema. "Mimi nikilowa nalala juani. Jua, jua, jua." Akalifumba.

Mkadara akapiga paja. Kweli! Kitanda cha kamba kikishalowa, si kinaanikwa? Kamba zinakaza, kitanda kinalia kama ngoma. Akakiburura kitanda cha mvule mpaka uani, akakiacha kwenye jua la kiangazi. Siku ya kwanza, jua. Siku ya pili, jua. Siku ya tatu, jua kali kuliko yote.

"Kwaa, kwaa, Mkadara wee, mimi si kamba —"
— Mimi mti!
"Kwaa, kwaa, Mkadara wee, unanikausha —"
— Mimi mti!

"Kinadeka tu," Mkadara akasema.

Mara, paa! Ubao wa ubavuni ukapasuka ufa mrefu wa shubiri nzima. Mkadara akaruka. Akakirudisha kitanda ndani mbio, yeye na jasho lake, lakini ufa ni ufa, haurudi kwa mbio. Akautandikia shuka juu ili asiuone.

Somoe akakohoa mpaka ungo ukamwangukia.

"Mke wangu, kifua hiki hakinipendezi," Mkadara akasema. "Leo nitatia na asali."

Somoe akanywa tangawizi. Nyinyi mnacheka, lakini yeye alikuwa haipendi tangawizi kabisa, na kila akimaliza kikombe alikwenda nyuma ya nyumba akalia kidogo. Alimpenda mumewe, na alikuwa akihesabu miezi.

Miezi ikaenda, mwaka ukakaribia kuisha, ndipo Mkadara akaenda safari ya tatu, kwa Sisimizi.

"Sheikh Sisimizi, kitanda changu kina magamba na kina ufa. Nifanyeje?"

Sisimizi akawatazama ndugu zake, ndugu zake wakamtazama yeye. "Mafuta," akasema kwa upole sana. "Mafuta ya nazi, yale yaliyobaki jikoni, yenye chicha chicha kidogo. Mengi. Na ukishapaka usifute. Mtu akikupa zawadi, unamfuta?"

"La, simfuti."

"Basi."

Sasa hapo, tuseme haki, Mkadara alikaribia kweli. Mafuta ndiyo yenyewe. Lakini mafuta gani, kiasi gani, na ukishapaka unafanya nini? Hakumuuliza anayejua. Akachukua kibuyu kizima cha mafuta ya nazi akakimimina. Mchagoni, miguuni, ubavuni. Kitanda kikang'aa, Mkadara akacheka mwenyewe kama mtu aliyeona mwezi wa Idi.

Siku ya pili, kitanda kinanata. Siku ya tatu, vumbi lote la mtaa limehamia pale. Siku ya saba, mafuta yamevunda, chumba kinanuka kama sufuria ya juzi, shuka zimeganda kwenye mbao, na sisimizi wamepanga foleni toka mlangoni hadi mchagoni, Sheikh wao mbele.

"Kwaa, kwaa, Mkadara wee, mimi si mkate —"
— Mimi mti!
"Kwaa, kwaa, Mkadara wee, nimechoka —"
— Mimi mti!

Safari hii Mkadara hakusema kinadeka.

Basi, asubuhi ileile, mjumbe akaja mlangoni. "Hodi! Nimetumwa na Bi Mwanapili, shangazi yake Somoe. Anasema mwaka umetimia. Anakuja baada ya siku saba, na hariri yake."

Mkadara akaingia ndani. Akataka kujificha, akaona hakuna pa kujificha mtu mzima. Akataka kusema kitanda kimeibiwa, akaona mwizi gani atabeba kitanda kinachonuka hivi. Akataka kukimbia mji, akaona atakimbiaje na Somoe yuko hapa.

Akamtafuta Somoe. Akamkuta chumbani amepiga magoti mbele ya kasha lake, anakunja kanga zake moja moja, anazipanga. Machozi yanamdondokea juu ya kanga na yeye anaendelea kukunja.

Hapo Mkadara akaelewa. Hakuwa akipoteza kitanda. Alikuwa akimpoteza mkewe.

Akakaa chini sakafuni. Sifa zote za baba na babu zikamtoka. Akasema, "Somoe, mimi sijui. Tangu siku ya kwanza sikujua. Najua kamba, mti siujui. Wewe ni binti wa fundi. Nakuuliza, mke wangu, kitanda hiki kinatunzwaje?"

Somoe akaacha kanga. Akamtazama. Akachukua mto, akampiga nao. Puu!

"Mwaka mzima!" Puu! "Mwaka mzima nakohoa!" Puu! "Tangawizi imenitoboa tumbo, Mkadara! Unakwenda kumuuliza bata? Bata ana kitanda?"

Kisha akacheka na kulia kwa pamoja, na Mkadara naye akalia, na kwa mara ya kwanza mwaka ule wakajisikia wepesi wote wawili. Oo, jamani, acheni nipumzike na mimi. Ilikuwa imenikaa kifuani.

"Tunaweza?" Mkadara akauliza.

"Tunaweza. Siku saba zinatosha, kama hutaniletea Paka."

Wakaanza. Siku ya kwanza, Somoe akamfundisha kuondoa yale mafuta yaliyovunda. Kitambaa kikavu kwanza. Kisha kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kikakamuliwa mpaka kikaacha kudondoka.

"Mbona maji tena?" Mkadara akauliza. Si mnaona, ameshajifunza kuuliza!

"Kitambaa kibichi kinapita na kuondoka. Ndoo inaingia ndani na kukaa. Futa, halafu kausha papo hapo."

Sisimizi wakatazama chakula chao kinaondoka. Sheikh akasema, "Twendeni, hawa wameanza kuzungumza." Wakatoka kwa foleni ileile.

Siku ya pili, kitanda kikakauka kivulini, dirisha wazi, upepo unapita. Mkadara alikuwa akichungulia kila saa kama mtu anayengoja chungu.

Siku ya tatu wakachuma majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, wakasugua pale nyuzi ziliposimama. Mkadara akaanza kusugua kwa kukatiza, kama anavyosugua sufuria. Somoe akamshika mkono. "Fuata njia ya mti. Tazama mistari inakokwenda, uende nayo. Ukiikatiza unauchana." Akaenda nayo. Unga laini wa mvule ukadondoka. Somoe akaukusanya, akauchanganya na nta ya nyuki, akauziba nao ule ufa.

Siku ya nne, mafuta. Si yale ya jikoni! Yale ya ufuta ambayo Fundi Shungwaya aliyachemsha mwenyewe, mepesi, ambayo Somoe alikuja nayo kwenye kichupa na hakuulizwa ni ya nini. Akatia matone kwenye kitambaa, si kwenye mti. Wakapaka kidogo, kote, wakifuata njia ya mti. Wakasubiri muda wa wali kuiva. Kisha Somoe akampa mumewe kitambaa kikavu, akasema, "Sasa futa yote."

"Yote? Si ndiyo kwanza tumeyapaka?"

"Mti umeshakunywa unachotaka. Yaliyobaki juu si yake, ni ya vumbi na rafiki yako Sisimizi. Futa mpaka kitambaa kitoke kikavu."

Akafuta. Na vile vitambaa vya mafuta wakavitandaza nje kimoja kimoja, hawakuvikunja. Maseremala wa mji ule walikuwa wakisema kitambaa cha mafuta kikikunjwa kinajipasha moto chenyewe.

Siku ya tano wakafanya vilevile. Siku ya sita vilevile. Na kila siku mti ulirudisha rangi, kahawia iliyoiva, mistari yake ikaanza kutembea tena. Jioni ya siku ya sita kitanda kiliimba, lakini polepole, kama mtu anayejinyoosha: "Mimi mti... mimi mti..." Hapa msiitikie kwa kelele, kilikuwa kinasinzia.

Siku ya saba, hodi! Bi Mwanapili huyo. Mrefu, mkali, buibui lake linapiga upepo, nyuma yake wanawake sita, na mkononi hariri nyeupe. Hakukaa. Hakunywa hata maji.

Akapitisha hariri mara ya kwanza, toka mchagoni hadi miguuni. Ikateleza.

Akaipitisha mara ya pili. Ikateleza. Mkadara akaanza kupumua.

Akaipitisha mara ya tatu. Ilipofika kwenye ule ufa uliozibwa, ikasimama. Uzi mmoja wa hariri, mmoja tu, ulikuwa umenasa.

Somoe akashika ukuta.

"Hapa palipasuka," Bi Mwanapili akasema.

"Ndiyo, shangazi," Mkadara akajibu. Angeweza kumsingizia Paka. Hakumsingizia. "Nilikianika juani. Kabla yake nilikimwagia maji ya moto, na baada yake nikakimiminia mafuta ya nazi. Makosa yangu."

"Na nani aliyekiponya?"

"Mimi. Mke wangu alinifundisha."

"Somoe! Ulisema kabla ya kuulizwa?"

"La, shangazi," Somoe akasema. "Aliniuliza."

"Alikuuliza? Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake? Alisema hajui?"

"Alisema hajui. Alikaa chini sakafuni akasema hajui."

Bi Mwanapili akakitazama kitanda. Akamtazama Mkadara, toka juu hadi chini. Kisha, jamani, akakaa. Akakaa kwenye kitanda chenyewe, pwaa, ukali wote ukamtoka, akainama akakata ule uzi kwa meno.

"Hariri yenyewe kuukuu," akasema. "Miaka thelathini na mbili nimeolewa. Mume wangu alikimwagia kitanda chetu mafuta ya nazi mwezi wa pili. Nikakohoa. Ninakohoa mpaka leo! Hariri ya shangazi yangu ilinasa mara zote tatu, akanionea huruma akasema imeteleza. Na chumba changu kinanuka chicha hadi hii leo." Akajifuta macho kwa ncha ya buibui. "Mkadara, mwanangu, ndoa imekubaliwa. Leteni chakula. Na kesho asubuhi uje kwangu na hicho kichupa. Umwambie mume wangu jinsi mtu anavyomuuliza mkewe. Mimi sina sauti tena."

Wanawake sita wakapiga vigelegele. Kasha la Somoe likafunguliwa, kanga zikarudi zilikokuwa. Wakala, wakanywa, na hakuna aliyepika tangawizi.

Basi, fundisho langu ni hili: kitanda kilichopakwa mafuta usikiogeshe wala usikianike, kifute kwa kitambaa kilichokamuliwa, kikipauka kipake kidogo ufute sana. Na kama hujui, muulize aliye karibu nawe, hata kama unaona haya. Haya inauma siku moja tu.

Hadithi yangu imekwisha. Kama ni tamu, gawaneni nyote. Kama ni chungu, mpeni yule aliyesinzia, hataonja.

Na wewe hapo, ndiyo wewe, uliyeweka kikombe cha chai ya moto juu ya meza yangu ya mvule, bila kitu chini yake: inua! Inua upesi, kabla sijamwita shangazi!